Aliambiwa hana taimingi, kumbe kompyuta ya studio ndo ilikuwa inachelewa

Stori imezagaa Kirumba yote, kuanzia Mwaloni kwenye dagaa mpaka kule kwenye mageti ya uwanja wa CCM, na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake. Toleo linalopendwa zaidi ni lile la kwamba kuna binti alienda studio kurekodi, akashindwa kuimba, prodyuza akachoka akamtoa nje. Watu wanacheka. Prodyuza mwenyewe alichochea, maana siku hiyo hiyo alipandisha stetasi WhatsApp kwamba siku hizi kila mwenye simu anajiita msanii.

Ukiondoa chumvi kinabaki kitu kingine kabisa, na hakichekeshi hata kidogo.

Binti ana miaka 21, jina kapuni. Anamsaidia mama yake biashara ya dagaa pale Mwaloni, na kanisani anaimba sauti ya kwanza tangu yuko darasa la tano. Alidunduliza miezi minne akapata elfu themanini. Hiyo ndiyo bei ya huyo prodyuza kwa msanii anayeanza: biti, kuingiza sauti masaa mawili, na miksi. Prodyuza sio mtu mdogo mtaani. Ana nyimbo mbili zilizopigwa sana redioni, ana spika kubwa, ana taa za bluu ukutani, na maiki ipo kwenye kibanda kilichozungushiwa magodoro. Ukiingia mle unaona kabisa umeingia studio.

Jumamosi saa nne asubuhi kavaa hedifoni, biti ikapigwa, akaanza. Mstari wa kwanza tu akasikia sauti yake inarudi masikioni ikiwa imechelewa, kama mtu anamwigiza kwa nyuma. Akasita. Prodyuza akasimamisha. "Dada, unachelewa. Ingia na biti." Akarudia. Akasita tena. Mara ya sita ikaanza kusikika tik, tik, tik, kama mafuta ya kukaangia yakidondokewa na maji. Akaambiwa asogee mbali na maiki, anapumua vibaya. Akasogea. Tik, tik. Mara ya kumi na nne prodyuza akavua hedifoni zake akasema masaa mawili yameisha, yakiongezwa mengine mawili ni elfu hamsini. Binti akampigia simu mama yake. Hela ikatumwa, ya mtaji hiyo, sio ya akiba.

Masaa mawili mengine yakaenda vilevile. Mwisho kabisa akaambiwa hivi, na maneno haya kayarudia kwa mama yake, kwa rafiki zake, na kwa kila aliyemuuliza: "Mdogo wangu, huna taimingi. Nenda kwanza kajifunze kwaya."

Mtu ana miaka kumi kwenye kwaya.

Sasa hapo ndipo pazuri. Wiki mbili baadaye msanii mmoja mwenye jina, wa Dar, alikuwa Mwanza kwa ajili ya shoo. Usiku kabla ya kupanda jukwaani akataka kuingiza kolabo haraka haraka, akapelekwa studio ileile. Kiti kilekile, maiki ileile. Akavaa hedifoni, akaanza, akasikia sauti yake inachelewa. Akatoa hedifoni akasema, "Oya, mashine yako ina shida." Nani alimwambia hana taimingi? Hakuna. Prodyuza aliomba radhi mara tatu, akatuma bodaboda saa nne usiku kumfuata fundi wa laptopu anayekaa Kitangiri, na msanii akaletewa sato wa kuchoma asubirie.

Kompyuta ni ileile. Tofauti ni nani kavaa hedifoni.

Fundi hakuja na kifaa chochote, kaja na fleshi yake tu. Alifungua setingi za sauti akakaa kimya kama dakika mbili, halafu akacheka. Ndani ya ile laptopu kulikuwa na draiva nne za ASIO. Ya kwanza ASIO4ALL, ambayo karibu kila studio ya mtaani inayo. Ya pili ile inayokuja na FL Studio yenyewe. Ya tatu ya saundi kadi ambayo prodyuza aliiuza mwaka jana, kadi ilishaondoka lakini draiva imebaki kama mpangaji aliyehama akaacha virago. Ya nne imekuja na kadi ya sauti ya ndani ya laptopu. Na draiva ya saundi kadi iliyopo mezani, ile inayotumika, ile iliyonunuliwa Kariakoo ikasafirishwa kwa basi mpaka Mwanza? Haikuwemo. Haijawahi kuwekwa.

Walioshuhudia wanasema fundi alimweleza yule msanii kwa mfano wa Mwaloni, akaelewa hapo hapo. Mtumbwi umefika na mzigo. Dalali anatakiwa mmoja, apokee, ahesabu, apeleke kwa mnunuzi. Sasa wakija madalali wanne kila mmoja kashika gunia, mzigo hautoki, na nusu ya dagaa inamwagika mchangani. Zile tik tik ndo dagaa zinazomwagika.

Kwa wasiojua, draiva ni kiprogramu kidogo kinachoifundisha kompyuta kuongea na kifaa. Printa ina yake, saundi kadi ina yake. Shida ya muziki ni kwamba Windows kwa kawaida inachukua sauti zote, ya YouTube, ya mlio wa meseji, ya filamu, inazichanganya pamoja kisha ndo inazitoa, na mchanganyo huo unakula muda. Kwa mtu anayeangalia filamu haina neno. Kwa mtu anayeimba ni balaa. Ndiyo maana kampuni ya Steinberg ya Ujerumani, wale wa Cubase, ilileta ASIO mwaka 1997, njia ya kupita pembeni ili sauti iende moja kwa moja kwenye programu ya kurekodia bila kupanga foleni. Na FL Studio ya Wabelgiji, ambayo vijana wengi wameanzia hapo tangu ikiitwa FruityLoops, kwenye Windows haikubali kurekodi maiki mpaka uwe na draiva ya ASIO.

Hapo ndipo ASIO4ALL ilipopatia ulaji. Ni ya bure, ni ndogo, inatengeneza njia ya ASIO hata kwa kadi isiyokuwa nayo. Imesaidia watu wengi sana na haistahili kutukanwa. Lakini ni kiraka. Inakaa juu ya draiva za kawaida za Windows. Kama saundi kadi yako imekuja na ASIO yake kutoka kiwandani, kutumia ASIO4ALL ni sawa na kuwa na ufunguo wa mlango mfukoni halafu ukapitia dirishani. Prodyuza alipitia dirishani kwa sababu miaka mitano iliyopita, akiwa anajifunza kwa laptopu tupu na maiki ya mkopo, rafiki yake alimwonyesha dirisha. Hakuna aliyemwambia siku amenunua kadi kwamba sasa mlango upo.

Ubaya zaidi, mule ndani ya ASIO4ALL alikuwa ametiki vitu viwili kwa pamoja, saundi kadi ya nje na kadi ya ndani ya laptopu. Kila kadi ina saa yake ndani inayohesabu sampuli za sauti. Saa mbili haziwezi kwenda sawasawa hata kama zimetoka kiwanda kimoja. Zinaachana kidogo kidogo, na kila zikiachana kompyuta inaruka au inarudia kipande. Tik. Binti akaambiwa anapumua vibaya.

Na ule ucheleweshaji, ambao wenyewe wanauita latensi, una hesabu yake wala sio uchawi. Kompyuta haichukui sauti tone kwa tone, inajaza ndoo kwanza kisha inaimwaga. Ndoo hiyo inaitwa bafa. Kwenye ile laptopu ilikuwa sampuli 2048. Ukirekodi kwa 44,100 kwa sekunde, ndoo moja inachukua kama sehemu 46 za elfu ya sekunde kujaa. Sauti inaingia kwa ndoo moja na kutoka kwa nyingine, hapo ni 92, bado kuna njiani. Karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ni kidogo kusikia kwenye maandishi, ila jaribu kuongea huku unajisikia kwenye simu ya mtu ikirudi kwa mwangwi. Ulimi unakuwa mzito. Mwimbaji mzuri ndo anaumia zaidi, kwa sababu yeye anajisikiliza. Asiyejisikiliza atapiga kelele zake hadi mwisho na ataambiwa yuko vizuri.

Kwa hiyo binti alichelewa kweli. Wimbi la sauti kwenye skrini lilionyesha amechelewa, prodyuza hakudanganya kuhusu alichokiona. Alichofanya ni kusoma ugonjwa wa mashine akaandika jina la mtu.

Fundi alimaliza kazi kwa dakika arobaini, na nyingi zilikuwa za kusubiri bando lishushe draiva. Aliondoa zote nne, akazima akawasha. Akaingia kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza ile kadi, akatafuta modeli hasa, sio inayofanana nayo, akaweka draiva yake kabla ya kuchomeka waya. Waya akautoa kwenye kile kigawanyio cha USB chenye panya, kinanda na feni, akauchomeka kwenye laptopu yenyewe. Kwenye Windows akaweka spika za laptopu ziwe ndo za kawaida, ili YouTube na WhatsApp zibaki huko na saundi kadi ibaki ya muziki peke yake. Akafunga kivinjari kilichokuwa na kurasa kumi na moja wazi. Akashusha bafa mpaka 128, sawa na kama sehemu 3 za elfu ya sekunde kwa ndoo, akasema hiyo ni ya kurekodi, wakati wa miksi irudishwe 1024 kompyuta ipumue.

Halafu akabonyeza kitufe kidogo mbele ya saundi kadi. Kitufe hiki kinaitwa dairekti monita, na kadi nyingi za kisasa zinacho. Ukikibonyeza, mwimbaji anajisikia moja kwa moja kutoka kwenye maiki kabla sauti haijaingia kwenye kompyuta. Hakuna ndoo, hakuna foleni. Hata draiva zingekuwa kumi zinapigana ngumi, yule binti angejisikia kwa wakati. Kitufe kilikuwa pale mezani masaa yote manne, sentimita chache kutoka mkono wa prodyuza.

Sasa mtaani kuna wanaomtetea, na sio wote ni wapambe. Wanasema prodyuza hajasoma chuo, kajifunza mwenyewe usiku kucha kwa video za YouTube, bando lake, umeme wake, pango la chumba lake. Ni kweli tupu. Wanasema hizi programu wengi wanatumia zilizokrakiwa, inayokuja na uchafu wake, na hakuna ofisi ya kupiga simu ukikwama. Kweli pia. Wanasema Windows ikijisasisha usiku inaweza kukubadilishia mambo asubuhi ukaamka hujui kilichotokea. Kweli tatu. Tangu mwaka 2017 Windows 10 imekuwa na draiva yake ya jumla kwa saundi kadi nyingi za USB, ukichomeka tu inaimba, kwa hiyo mtu anaamini kila kitu kiko sawa kumbe ile ya kiwandani hajaiweka. Kosa hilo linaweza kumpata yeyote.

Kutojua sio kosa. Kosa ni kujifanya unajua mbele ya mtu aliyelipa, halafu bili ya kutojua kwako ukampelekea yeye. Elfu hamsini ya masaa ya nyongeza ililipia draiva zinazopigana. Fundi wa pikipiki hapo barabarani akikaa masaa mawili anatafuta kwa nini spana yake imepotea, hamtozi mwenye pikipiki. Kwenye studio za mtaani hii ya kumtoza mteja muda ambao mashine imegoma imekuwa kawaida kabisa, na wasanii wadogo hawabishi kwa sababu wanaogopa kuitwa wasumbufu.

Enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam bendi nzima ilikuwa inaingia chumba kimoja na kuna mtu anaitwa fundi mitambo. Kazi yake ni mitambo. Ikigoma, macho yote yanamgeukia yeye, sio mwimbaji. Siku hizi prodyuza ndo mtengeneza biti, ndo fundi mitambo, ndo mpokea hela, ndo hakimu. Kesi ikitokea kati ya mashine na msanii, hakimu ni mwenye mashine. Msanii atashinda lini hapo?

Na binti wa Kirumba hayuko peke yake. Kuna kwaya moja maeneo ya Pasiansi ilirekodi, ikapewa wimbo, waimbaji wa besi wakasikia sauti zao zimekuwa nyembamba na wimbo unakimbia. Wakajibiwa kwamba mlikuwa mnaimba kwa presha. Wimbo wa dakika nne ulikuwa umekuwa wa dakika tatu na sekunde arobaini. Huo nao ni ugomvi wa kwenye kompyuta: sauti imerekodiwa kwa 44,100, kadi imelazimishwa na programu nyingine kwenda 48,000, basi kila kitu kinapanda na kukimbia karibu asilimia tisa. Namba hiyo inatakiwa iwe moja kwenye Windows, kwenye paneli ya saundi kadi na kwenye programu ya kurekodia. Mwalimu wa kwaya ndiye aliyeshtuka, kwa sababu alipopiga kinanda kufuata wimbo ukamgomea, uko katikati ya funguo mbili. Wangekuwa hawana mwalimu mwenye sikio, ule wimbo ungeuzwa hivyo hivyo.

Wasanii wa nyimbo za asili za Kisukuma, wanaotoka huko Magu na Kwimba na kila kona kuja mjini kurekodi, hao ndo wanaonewa zaidi. Mtu kapanda basi alfajiri, anarudi jioni, hawezi kusema atarudi kesho fundi akija. Tik zikiingia kwenye ngoma anaambiwa ngoma zenu zina vumbi.

Ikumbukwe pia umeme. Umeme ukikatika laptopu inahamia kwenye betri, na ikiwa kwenye betri inajibana yenyewe kutunza chaji, kasi inashuka, tik tik zinaanza upya hata kama draiva ziko safi. Prodyuza makini anaiwekea setingi ya nguvu zote muda wote wa kurekodi, na anazima ile ya kulaza milango ya USB. Asiye makini anasema jenereta la jirani linaingia kwenye maiki. Kuna mmoja alisema studio ya pili mtaa huo huo imemtupia kitu, akaenda kwa mtaalamu wa mambo hayo, akatoa hela. Ila alivyorudi hakuwa amefunga WhatsApp ya kwenye kompyuta, simu ikaingia katikati ya ubeti, maiki ikachukuliwa na simu. Hapo hata mtaalamu aendelee kuchanja, simu itaita tu.

Lakini kuna wasanii wasio na taimingi kweli, hilo halikataliwi na maprodyuza wana haki ya kulisema. Ila kabla ya kulisema kuna kipimo cha dakika mbili. Weka mlio wa kuhesabia, ule wa ka, ka, ka, toa hedifoni kichwani ziegemeze kwenye maiki, zima ile dairekti monita, rekodi mlio wenyewe. Halafu angalia kwenye skrini. Mashine haina presha, haijaachwa na mpenzi, haikosi taimingi. Kama mlio uliorekodiwa umeangukia nyuma ya mstari, anayechelewa ni kompyuta. Kama umeangukia kwenye mstari, basi ongea na msanii wako taratibu. Maprodyuza wangapi wa Kirumba, Kitangiri, Nyamanoro na Mabatini wanafanya hivi asubuhi kabla mteja hajafika? Wanaofanya wapo, na wajitokeze waseme kwenye maoni hapo chini, maana wao ndo wanaharibiwa jina na wenzao.

Na msanii naye asikae tu kama yuko kwa daktari wa meno. Kuuliza sio ushamba. Ukijisikia unachelewa kwenye hedifoni, sema hapo hapo, mstari wa kwanza, usisubiri wa kumi na nne. Ukisikia tik omba usikilizishwe ulichorekodi bila biti. Na kabla hujatoa hela, mkubaliane kwamba muda wa mashine kugoma hauhesabiwi. Yule wa Dar hakuwa anajua draiva ni nini, alijua tu kwamba sauti yake anaijua. Binti naye alikuwa anaijua yake, miaka kumi ya kila Jumapili, ila alikuwa mbele ya mtu mwenye taa za bluu.

Kolabo ya yule msanii ilirekodiwa usiku ule ule, mara mbili tu, ikaisha. Fundi alilipwa elfu ishirini. Kwa maana nyingine tatizo lililomgharimu binti laki moja na thelathini lilikuwa la elfu ishirini na dakika arobaini.

Stori ilimfikia binti kupitia huyo huyo fundi, ambaye ni mteja wa mama yake wa dagaa. Alipomaliza kusimulia, wanasema binti alikaa chini kwenye gunia akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo sauti yangu haina shida?" Wiki mbili nzima alikuwa hajaenda mazoezi ya kwaya. Alikuwa amemwambia mwalimu ana mafua.

Prodyuza baada ya maneno kuwa mengi alimtumia meseji. Hakuandika samahani. Aliandika, "Mdogo wangu njoo turudie, nitakufanyia nusu bei." Binti alimpa mama yake simu asome. Mama akamwambia ajibu kwa heshima, kwamba shikamoo kaka, mama anasema hamsini yake irudi kwanza, halafu uje nayo mwenyewe Mwaloni mchana watu wakiwepo, kama ulivyoweka stetasi watu wakiwepo. Tiki mbili za bluu zikaonekana, kimya mpaka leo.

Amehamia studio moja ndogo Kitangiri, chumba kimoja, taa ya kawaida tu. Siku ya kwanza kabla hajavaa hedifoni akamuuliza prodyuza mpya, "Kaka, samahani, hapa unatumia draiva gani?" Kijana akacheka, halafu akaacha kucheka, akageuza skrini akaanza kuangalia. Kumbe na yeye alikuwa nazo mbili. Akaondoa moja, wakaanza saa tano badala ya saa nne na saa hiyo hakuihesabu.

Ubeti wa kwanza umeingia, na kiitikio. Wa pili unasubiri giza lirudi, maana sasa hivi ni mbalamwezi, wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani na hela ya studio haipo.